Kungumanga na basibasi: Mti mmoja, mauzo mawili, ila nusu ya shamba inaweza kuwa madume

KUNGUMANGA ni kiungo ambacho wapishi wengi wa Pwani wanakijua kwa harufu kuliko wanavyoujua mti wake. Sokoni huonekana kama kokwa ndogo ya kahawia, ngumu, ambayo hukwaruzwa kidogo tu kwenye chai, uji, keki au halua. Katika chombo cha pembeni huwekwa basibasi, vipande vyembamba vya rangi ya manjano au chungwa vinavyofanana na utando uliochanika.

Wanunuzi wengi hudhani hivyo ni viungo vya miti miwili tofauti. Ukweli ni kwamba vyote viwili hutoka ndani ya tunda moja. Tunda la mkungumanga ni la manjano, ukubwa wake ni kama pera dogo, na likiiva hupasuka lenyewe mtini. Ndani yake kuna mbegu yenye ganda gumu jeusi, iliyovikwa utando mwekundu unaong'aa. Utando huo ukikaushwa ndiyo basibasi. Kokwa iliyomo ndani ya ganda ndiyo kungumanga.

Kwa mkulima, mti mmoja unaotoa bidhaa mbili za kuuza ni habari njema. Lakini iko habari nyingine ambayo ni muhimu kuijua kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mikungumanga ina miti dume na miti jike. Dume hauzai, na kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha miche mpaka itoe maua, jambo linaloweza kuchukua miaka sita hadi minane.

Mkulima asiyelijua hilo anaweza kupalilia, kutia mbolea na kulinda shamba kwa miaka minane, kisha akagundua kwamba nusu ya miti yake haitampa hata tunda moja.

Zao lililopiganiwa na mataifa

Mkungumanga asili yake ni visiwa vidogo vya Banda, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Kwa karne nyingi kungumanga yote iliyouzwa Uarabuni, India na Ulaya ilitoka huko. Mwaka 1621 kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, chini ya Jan Pieterszoon Coen, iliviteka visiwa hivyo kwa nguvu. Wakazi wengi waliuawa, wengine walikimbia au walifanywa watumwa, yote kwa ajili ya kuhodhi biashara hiyo.

Katika mkataba wa Breda wa mwaka 1667, Waingereza waliacha madai yao juu ya Run, kisiwa kimojawapo cha Banda chenye mikungumanga. Waholanzi nao waliacha madai yao juu ya kisiwa cha Manhattan, ambacho leo ni kitovu cha jiji la New York. Thamani ya zao hili kwa watu wa wakati ule inaonekana wazi katika badilishano hilo.

Uhodhi huo ulianza kuvunjika karibu mwaka 1770, wakati Mfaransa Pierre Poivre alipofanikisha kuingiza miche na mbegu za karafuu na kungumanga katika kisiwa cha Mauritius. Baadaye Waingereza nao waliusambaza mti huo katika makoloni yao. Katika karne ya 19 ulikuwa umeshafika Unguja, ambako mpaka leo hupandwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi pamoja na karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga.

Unapenda mazingira gani

Mkungumanga ni mti wa nchi ya joto yenye mvua nyingi. Hustawi panapopata mvua ya milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, iliyosambaa vizuri bila kiangazi kirefu. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi, na maeneo ya chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari ndiyo bora zaidi.

Udongo uwe na kina, wenye rutuba na mboji, na usiotuamisha maji. Mizizi mingi ya mti huu hukaa karibu na uso wa ardhi. Kwa sababu hiyo, maji yakituama huoza, jua kali likipiga ardhi tupu hukauka, na upepo mkali ukivuma mti huanguka kwa urahisi. Mahali penye upepo panahitaji mstari wa miti ya kukinga.

Kwa hapa nchini, mbali na Unguja na Pemba, wakulima wanaoweza kuufikiria mti huu ni wale wa sehemu za chini za milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, na wa miteremko ya Uluguru upande wa Matombo na Mkuyuni mkoani Morogoro. Maeneo hayo tayari yanalima viungo. Mkulima wa eneo kavu asijaribu, kwa kuwa mti mchanga hauvumilii ukame.

Mti huu hauhitaji shamba lake peke yake. Katika jimbo la Kerala nchini India, wakulima wengi huupanda katikati ya minazi, na mnazi huupatia kivuli chepesi. Mkulima wa Unguja mwenye minazi, au wa Muheza mwenye migomba, anaweza kufanya hivyo hivyo. Faida yake ni kubwa: wakati kungumanga inasubiriwa, ndizi na nazi zinaendelea kulisha nyumba.

Mbegu ya dukani haioti

Baadhi ya watu hununua kungumanga dukani na kuifukia ardhini wakitarajia mche. Huo ni upotevu wa muda. Mbegu ya mkungumanga hufa ikikauka. Ile ya dukani imekaushwa na mara nyingi imeshatolewa ganda, hivyo haiwezi kuota.

Mbegu ya kupanda ichukuliwe kwenye tunda lililopasuka lenyewe, kutoka mti unaojulikana kwa kuzaa sana na kutoa kokwa kubwa. Utando wa basibasi uondolewe, kisha mbegu ipandwe ndani ya siku chache ikiwa bado mbichi na iko ndani ya ganda lake. Ikitikiswa na kokwa ikasikika ikigonga ndani, imeshakauka na haifai kwa kitalu.

Mbegu hufukiwa kina cha sentimita mbili hadi tatu hivi, kwenye viriba au kitalu chenye kivuli, na udongo uwe na unyevu wakati wote. Kuota huanza baada ya wiki nne hadi sita, na nyingine huchelewa mpaka miezi mitatu. Miche hukaa kitaluni kwa miezi sita au zaidi, kisha huhamishiwa shambani mwanzoni mwa masika. Kwa miaka ya kwanza lazima iwe na kivuli, na matandazo ya majani yawekwe kuzunguka shina bila kuligusa.

Dume na jike: hesabu ya shamba

Mbegu zikipandwa, kwa wastani nusu huwa madume na nusu majike. Zipo imani nyingi kuhusu kuzitofautisha mapema, kama vile umbo la jani, mishipa yake au umbo la mbegu yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitika kuwa ya kutegemewa. Muuzaji wa miche ya mbegu anayeapa kwamba yote ni majike anauza ahadi tupu.

Ukweli huonekana kwenye maua. Mti dume hutoa maua mengi kwa vishada, nayo ni membamba. Mti jike hutoa maua machache, aghalabu moja hadi matatu mahali pamoja, na kitako chake kimevimba kama mtungi mdogo. Mara chache hutokea mti wenye maua ya aina zote mbili.

Mkulima anahitaji madume machache kwa ajili ya uchavushaji. Kiwango kinachotumika sana ni mti dume mmoja kwa kila majike kumi.

Chukua mfano wa ekari moja. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari hiyo ina mashimo 40 hivi. Mkulima akipanda mche mmoja wa mbegu katika kila shimo, atapata majike 20 na madume 20. Madume yanayohitajika hayazidi manne. Maana yake ni kwamba mashimo 16 yatakuwa yamekaliwa bure kwa miaka yote hiyo.

Njia ya kupunguza hasara hiyo ni kupanda miche mitatu katika kila kituo, ikiachana kwa mita moja hivi, na kusubiri maua. Uwezekano wa miche yote mitatu kuwa madume ni mmoja kati ya minane. Katika vituo 40, vituo 35 hivi vitakuwa na angalau jike moja, na vitano vitakuwa na madume matupu. Maua yakionekana, kila kituo huachiwa jike moja lenye nguvu na mengine hukatwa. Katika vile vitano huachwa dume moja moja, na uchavushaji unakuwa umepata miti ya kutosha.

Hesabu hiyo ni ya wastani, na shamba moja linaweza kupata pungufu au zaidi. Lakini gharama ya miche 80 ya ziada ni ndogo ikilinganishwa na kupoteza karibu nusu ya shamba kwa miaka minane.

Kubebesha huondoa bahati nasibu

Njia ya uhakika zaidi ni kubebesha, kama inavyofanywa kwa miembe na michungwa. Kikonyo kutoka mti jike unaozaa vizuri huunganishwa kwenye mche mchanga uliooteshwa kwa mbegu. Mche huo utakuwa jike bila shaka, na unaweza kuanza kuzaa mwaka wa nne au wa tano. India ndiko teknolojia hii imeenea zaidi, na kituo cha utafiti wa viungo cha Kozhikode kimetoa aina bora zinazozalishwa kwa kubebesha.

Lipo jambo moja la kuangalia. Kikonyo kilichokatwa kwenye tawi la pembeni hutoa mti unaotanda chini kama kichaka. Kilichokatwa kwenye chipukizi linalokwenda juu hutoa mti ulionyooka. Anayenunua miche iliyobebeshwa aulize kikonyo kilitoka wapi, kwa sababu nafasi ya kupandia hutegemea jibu hilo.

Kubebesha pia huokoa shamba ambalo limeshapandwa. Mti dume wa ziada unaweza kukatwa na machipukizi yake mapya kubebeshwa vikonyo vya jike. Mizizi iliyokwisha kukomaa huusaidia mti huo kuzaa mapema kuliko mche mpya.

Kuvuna ni kazi ya kila siku

Tangu ua mpaka tunda kuiva hupita miezi sita hadi tisa. Tunda lililo tayari hupasuka na kuonyesha wekundu wa basibasi. Huvunwa kwa upembo, au huachwa lianguke na kuokotwa.

Anayeokota lazima apite shambani kila siku. Mbegu ikilala kwenye ardhi yenye unyevu huingiwa na ukungu, na basibasi hupoteza rangi. Tunda lililochumwa kabla ya kupasuka nalo halina faida, kwani kokwa yake husinyaa ikikauka na harufu huwa hafifu.

Mti huongeza mazao mwaka hadi mwaka na kufikia kilele ukiwa na miaka 15 hadi 20, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Mti uliokomaa na kutunzwa unaweza kutoa matunda 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka. Kokwa moja kavu ikichukuliwa kuwa na gramu tano, matunda 1,500 hutoa kilo saba na nusu za kungumanga. Kwa kila kilo 20 za kungumanga kavu hupatikana takribani kilo tatu za basibasi, hivyo mti huo hutoa pia kilo moja na ushee ya basibasi.

Kwa mfano wa ekari ile ile, majike 20 yaliyokomaa yangetoa kilo 150 za kungumanga na kilo 22 za basibasi. Majike 35 yangetoa kilo 262 za kungumanga na kilo 39 za basibasi. Tofauti hiyo hujirudia kila mwaka katika maisha yote ya shamba.

Kukausha ndiko kunakopanga bei

Baada ya kuvuna, basibasi hubanduliwa kwa mkono taratibu ili isivunjike vipande vidogo. Hubanwa iwe bapa, kisha huanikwa kwenye jamvi safi au chanja iliyoinuliwa. Rangi nyekundu hugeuka kuwa chungwa, kisha manjano. Basibasi nzima isiyovunjika huuzwa ghali kuliko vipande, na kwa kawaida kilo ya basibasi ina bei kubwa kuliko kilo ya kungumanga.

Kungumanga hukaushwa ikiwa ndani ya ganda lake. Huwekwa kwenye chanja mahali penye hewa na kugeuzwa kila siku kwa wiki nne hadi nane, mpaka kokwa igonge ndani ya ganda inapotikiswa. Jua kali la moja kwa moja au moto mkubwa huiharibu. Kokwa ina mafuta mengi, na joto likipita nyuzi 45 mafuta hayo huyeyuka na harufu hupotea.

Ganda huvunjwa kwa nyundo ya mti, ikigongwa upande wa ncha ili kokwa isipasuke. Mkulima asiyeridhika na bei ya msimu hana haja ya kuvunja haraka, kwa sababu ganda huikinga kokwa dhidi ya wadudu na kuisaidia kuhifadhika mpaka bei ipande.

Adui mkubwa wa biashara hii ni sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mazao yasiyokaushwa vizuri. Umoja wa Ulaya hauruhusu kungumanga yenye zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na kwa aina yake ya B1, ambayo ni ya hatari zaidi, kikomo ni mikrogramu 5. Mzigo unaozidi hapo hukataliwa bandarini. Gunia moja lenye ukungu likichanganywa na magunia tisa mazuri linaweza kuufanya mzigo wote ukataliwe.

Mfanyabiashara aangalie nini

Kokwa nzuri ni nzito, imejaa, haina matundu ya wadudu na haijasinyaa. Ikichomwa sindano hutoa mafuta kidogo. Ikitiwa kwenye maji, nzima huzama na iliyoliwa na wadudu huelea, ingawa zilizojaribiwa hivyo lazima zikaushwe tena mara moja.

Katika soko la kimataifa kokwa hupangwa kwa ukubwa. Daraja linaloitwa 80 maana yake ni kokwa 80 kwa ratili moja, na 110 ni kokwa 110 kwa ratili. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kokwa zilivyo kubwa. Zilizovunjika na zilizoliwa hazitupwi, bali hupelekwa viwandani kukamuliwa mafuta yanayotumika kwenye vyakula, manukato na dawa za kuchua.

Kwa upande wa basibasi, mnunuzi ajihadhari na ile ya mti jamii ya mkungumanga unaoota India, ambayo ni nyekundu iliyokoza lakini haina harufu. Pua ndiyo kipimo. Na anayeuza rejareja ni vyema auze kokwa nzima, kwani iliyosagwa hupoteza harufu haraka na ni rahisi kuchanganywa na unga mwingine.

Funzo kutoka Grenada

Nchi inayoweza kuwafundisha wakulima wadogo wa zao hili ni Grenada, kisiwa cha Karibi kilichopata mkungumanga mwaka 1843. Mti huo ulikubali huko kiasi kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1974 tunda la kungumanga liliwekwa kwenye bendera ya taifa. Ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1947 ulikusanya mazao vituoni, ukayakausha na kuyapanga kwa madaraja. Mkulima alilipwa malipo ya awali alipoleta mzigo, na nyongeza baada ya mauzo. Kwa utaratibu huo mwenye miti kumi aliuza katika soko moja na mwenye miti mia.

Kabla ya mwaka 2004 Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa uzalishaji, nyuma ya Indonesia. Septemba 7 mwaka huo kimbunga Ivan kilipiga kisiwa hicho na kuangusha au kuharibu zaidi ya robo tatu ya mikungumanga. Waliotegemea zao hilo peke yake hawakuwa na la kuuza, na mche waliopanda upya uliwataka wasubiri miaka mingine saba. Wengi waligeukia mazao mengine na hawakurudi.

Funzo la ushirika na funzo la kimbunga yaende pamoja. Kuungana kukausha na kupanga madaraja huwapa wakulima wadogo mzigo unaotosha kumvuta mnunuzi mkubwa. Lakini shamba lote lisiwekwe kwenye mti mmoja unaochukua miaka minane kurudi.

Dawa au sumu?

Jikoni, kungumanga na basibasi hutumika kwenye biriani, chai ya viungo, halua na keki. Nyama ya nje ya tunda, ambayo wengi huitupa, hutengenezwa jamu na sharubati huko Grenada, na Indonesia huikausha kwa sukari na kuiuza kama tamutamu. Hiyo ni bidhaa ya tatu ambayo vikundi vya akina mama wasindikaji wangeweza kuijaribu. Unguja kungumanga husagwa pia na kutiwa kwenye uji wa wanawake, hasa wakati wa shughuli za harusi, ikiaminika kuuchangamsha mwili.

Hata hivyo, kiasi ni muhimu. Kukwaruza kidogo kwenye chakula hakuna madhara, lakini gramu tano, yaani karibu kokwa nzima, zinaweza kumletea mtu kutapika, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuona vitu visivyokuwepo. Dalili huchelewa kwa saa kadhaa, na ndiyo maana wapo wanaoongeza kipimo wakidhani haijafanya kazi. Wajawazito wasiitumie kama dawa, na kokwa zihifadhiwe mbali na watoto.

Kwa mkulima anayetaka kuanza, hatua ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa. Aende kwa bwana shamba wa eneo lake au, kwa walioko Unguja, kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, aulize kama mvua na udongo wa shamba lake vinafaa. Akipata miche, aulize imetokana na mbegu au imebebeshwa. Ikiwa ni ya mbegu, apande mitatu mitatu katikati ya minazi au migomba aliyonayo, na aandike kwenye daftari mwaka aliopanda. Madume yatajitambulisha yenyewe.